Malalamiko Kuhusu Mgonjwa Aliyerudishwa Bila Kovu

Kamati ya Kujuliana Hali na Kuzikana,
Picha ya Ndege,
Kibaha.

Kwa Daktari Stellamaris,
Daktari Bingwa wa Upasuaji.

Daktari,

YAH: MGONJWA WETU HUSSEINI KURUDISHWA MZIMA KABLA YA WAKATI WAKE

Marahaba. Nimeanza kwa kuitikia kwa sababu naambiwa wewe ni binti wa umri wa mwanangu wa tatu, na sina shaka tungekutana ungeniamkia. Mimi ni Abdulkadiri, mwenyekiti wa kamati iliyotajwa hapo juu. Kazi ya kamati yetu ni kuwatembelea wanaougua na kuwazika wanaokufa, na kazi hizo mbili tumezifanya miaka mingi bila kulalamikiwa, hasa hiyo ya pili.

Ninakuandikia kwa heshima na masikitiko kuhusu mwanachama wetu Husseini, fundi cherehani wa pale Kwa Mathias, ambaye mlimpokea akiwa na uvimbe kwenye njia ya haja kubwa. Unisamehe kwa kuitaja njia hiyo. Mimi ningeandika "tumbo" tu, lakini Husseini mwenyewe ameshaitaja mbele ya watu wengi kiasi kwamba kuificha sasa ni kujisumbua. Kwa maelezo yake, hamkumpasua popote. Mliingiza kamera na vyuma vyembamba kwa njia ile ile aliyopewa na Mungu, mkautoa uvimbe, mkashona humo humo ndani, mkamruhusu arudi nyumbani wakati sisi bado tunapanga nani aende kumwona. Kwa upande wenu labda hayo ni maendeleo. Kwa upande wetu yameleta madhara, nami nayaeleza moja moja.

1. Mgonjwa hakuonekana mgonjwa. Kwetu mtu aliyefanyiwa operesheni anajulikana. Analala chumba cha mbele, pazia limeshushwa, anaongea kwa shida, anakunywa uji kwa kijiko kilichoshikwa na mtu mwingine. Wageni wanaingia kwa zamu, wanasema pole, wanatikisa kichwa, kisha wanatoka nje kuulizana kama atapona. Sisi ujumbe wa kamati tulifika kwake wiki ile ile tukiwa tumevaa kanzu zilizopigwa pasi. Mkewe Zuwena alitupokea vizuri akatuambia mgonjwa yuko kazini. Tulimkuta Kwa Mathias, amekaa kwenye kigoda cha mbao kisicho na mto, anashona sare za shule. Alisema mmemruhusu kazi nyepesi. Kisha akainuka kutupisha tukae. Daktari, katika uenyekiti wangu wote sijawahi kupishwa kiti na mtu niliyekwenda kumpa pole. Nilikataa kukaa, kwa sababu zangu.

2. Mmemkosesha kazi dada yake. Bi Mwanne, dada mkubwa wa Husseini, alitoka Marui, kule Kisarawe ndani, akiwa na kuku wawili, kiroba cha muhogo, korosho na mkeka wake mwenyewe wa kulalia chini ya kitanda cha mgonjwa. Alikuja kuuguza. Alikwisha kuwaaga watu wa Marui na kuwaonyesha kwa mkono kwamba ndugu yake amepasuliwa kutoka hapa mpaka hapa. Aliposhuka stendi, aliyekwenda kumpokea ni mgonjwa. Alitaka hata kumbebea kiroba, Zuwena akamkataza. Bi Mwanne alikaa kitako sebuleni, akavua viatu, akasema, "Sasa mimi nimekuja kumuuguza nani? Niwauguze kuku?" Kuku wenyewe walichinjwa na Husseini akala paja. Kurudi Marui upesi hawezi, watamcheka. Kwa hiyo yupo hapo mpaka leo, na kwa kuwa hana wa kumpikia uji, anamfundisha Zuwena kupika vitu ambavyo Zuwena amevipika tangu aolewe. Nyumba ile kwa kweli sasa ina mgonjwa, ila ni wa kichwa, na ni mke.

3. Hana kovu. Wanaume wa Picha ya Ndege tunapokaa barazani jioni, kila mmoja ana mahali pa kuonyesha. Mzee Amiri ana kovu la ngiri ambalo ameshalionyesha mara nyingi mpaka vifungo vya shati lake vimelegea. Mimi nina la busha, ambalo silionyeshi lakini linaheshimiwa. Husseini alipoambiwa naye aonyeshe, alisema hana, walipita kwa ndani. Mzee Amiri akamuuliza kwa ndani wapi, naye akajibu kwa neno lenyewe, watu wakiwa wanakula karanga. Karanga ziliishia hapo. Tangu siku hiyo wapo wanaosema hakwenda hospitali yoyote, na kwamba zile siku alizopotea alikuwa kwa mwanamke Mlandizi. Kwa kushindwa kumkata mtu hata kidogo, mmemtia kwenye kesi ya ugoni.

4. Ushahidi mliompa haufai. Kwa ajili ya maneno hayo, kamati ilimwita Husseini alete uthibitisho. Tulitegemea cheti. Alileta picha za rangi zilizopigwa na ile kamera yenu. Zilipita mkono kwa mkono mpaka zikamfikia katibu wetu Calist, mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akauliza kwa upole huyu ni nani. Husseini akasema, "Ni mimi, mwalimu. Hapo kabla, hapo baada." Mzee Amiri aligeuza moja juu chini, akasema ikikaa hivyo inafanana naye zaidi. Nataka ieleweke kwamba kamati hii haijawahi kumtambua mwanachama wake kwa upande huo. Chai iliyoandaliwa haikunyweka. Katibu hakujua aandike nini kwenye muhtasari, akaandika "picha zilionekana", tukafunga kikao kwa dua na sala, kila mtu kwa imani yake, tukiwa tumeinamisha macho zaidi ya kawaida.

5. Mmevuruga amani ya bawasiri. Hili ndilo kubwa, na mengine yote ningeweza kuyameza. Wanaume wengi wa umri wetu tuna bawasiri. Hatujaipima, lakini tunaijua: damu chooni, kwenda tena na tena bila kupata kitu, mkanda unaoongezwa tundu. Tunaishi nayo vizuri. Ipo mizizi kutoka Kisarawe inayochemshwa, upo unga wa yule bwana wa spika juu ya gari pale Kwa Mathias anayetibu bawasiri, meno na mapenzi kwa dawa moja, na lipo beseni la maji ya moto na chumvi. Mimi mwenyewe, kwa mfano tu, ninayo tangu mfungo wa mwaka juzi, na sijamsumbua daktari yeyote.

Sasa Husseini naye alikuwa na bawasiri kama sisi. Alikunywa mizizi hiyo hiyo, tena kwa kikombe changu. Akaja kwenu, mkamwangalia, mkamwambia si bawasiri, ni uvimbe, bado mdogo, haujashika kwingine, amewahi. Neno hilo limemwingia kichwani. Anampima mteja kiuno huku anamwambia, "Mzee wangu, ukiona damu usijifanye daktari, nenda wakakucheki. Mimi niliwahi." Watu wanakwenda kupimwa suruali wanarudi na hofu. Bwana wa spika amehamisha gari lake ng'ambo ya barabara. Na mizizi, ambayo zamani ilinipa matumaini, siku hizi naiona ni maji machungu tu.

Nikupe mfano wa mgonjwa mwenye adabu. Marehemu Cornel, aliyekuwa mweka hazina wetu, alikuwa na bawasiri miaka miwili. Hakumwambia mtu. Hata mkewe Consolata alichojua ni kwamba mume wake ameacha kukaa mezani na anakula amesimama. Alipofikishwa hospitali tulitangaziwa kuwa ni tumbo, na tumbo likabaki kuwa tumbo mpaka mwisho. Alikonda kwa heshima zake. Alilala chumba cha mbele, pazia likashushwa, tukaingia kwa zamu, kila kitu kikawa kama kinavyotakiwa. Mazishi yake yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyasimamia, kanisa lilijaa mpaka nje. Wasifu wake niliusoma mimi. Nilisema ameugua kwa muda mfupi.

Wiki iliyopita Bi Consolata alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa ametoka kuchukua gauni kwa Husseini, bado liko mkononi kwenye mfuko. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Aliniuliza, "Mzee, kumbe ule ugonjwa unatolewa?" Nikamwambia yote ni mapenzi ya Mungu. Akasema, "Mungu namjua, mzee. Nauliza kama unatolewa." Maneno ya kumwambia mfiwa ninayo mengi, nimeyasema kwenye misiba ya Kibaha yote na Kisarawe, lakini jioni ile sikupata hata moja, na iliniuma. Aliondoka bila kuaga. Hilo nalo naliweka kwenye malalamiko, kwa sababu kabla yenu mama huyu alikuwa ameshatulia.

Kutokana na hayo, kamati, kwa maana ya mimi, inaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, kila mgonjwa wa aina hii atakayetoka kwetu akatwe walau kidogo tumboni, mahali panapoonekana akifungua vifungo viwili. Urefu tunaweza kuafikiana. Kama sheria zenu haziruhusu kumkata mtu bila sababu, andikeni kwamba sababu ni majirani.

Pili, akipona asiruhusiwe. Akae wodini mpaka apate sura ya kuugua, ndipo arudishwe, ikiwezekana kwa machela.

Tatu, cheti kiandikwe kidole tumbo, ambacho ni ugonjwa unaoweza kutajwa mbele ya wakwe.

Nne, picha zisitolewe. Ikibidi kutolewa, ziwe za uso.

Tano, wanaume ambao wamekaa na bawasiri zaidi ya mwaka waachwe nayo. Wasipimwe. Wameshaizoea, nayo imewazoea, na kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba huenda ni kitu kingine ni kumharibia usingizi. Aidha, mgonjwa asiambiwe amewahi akaja kulisema neno hilo mahali ambapo wapo waliochelewa na wajane wao.

Natumaini utayapokea haya kwa moyo mmoja na kuyafikisha kwa wakubwa wako. Sina ugomvi na utaalamu wenu. Ninachosema ni kwamba utaalamu ukizidi namna hii, watu watakuwa wanaugua na kupona bila sisi kujua, na kamati itabaki na viti vya kuazimisha kwenye harusi tu.

Wasalimie wauguzi wote wa zamu ya mchana na ya usiku, na mlinzi wa getini, na yule anayeshika kamera, ambaye namwonea huruma kwa kitu alichochagua kusomea. Mke wangu Hajira anakusalimu. Mwalimu Calist anakusalimu, na miwani ameshaisafisha. Bi Mwanne naye anakusalimu, ingawa amesema hamna maelewano.

Wako anayekulalamikia bila kinyongo,

Abdulkadiri
Mwenyekiti.

N.B. Barua hii nimeiandika nikiwa nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati la vyombo. Hajira ameniuliza kwa nini sikai, nikamwambia malalamiko huandikwa vizuri mtu akiwa wima. Hakucheka. Jana nimemkuta analoweka shuka yangu peke yake, kabla wajukuu hawajaamka.

Aliyekukabidhi barua hii ni Husseini mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeujua mlango wenu. Hakuja peke yake. Ukimaliza kusoma tafadhali uangalie pale kwenye benchi la nje. Mwenye kanzu ambaye hajakaa, ndiye mimi. Kamati nimeiaga kwamba nakwenda msibani Kisarawe.

Yale maombi matano yaweke pembeni. Usinikate mahali. Kama inawezekana nipitie njia ile ile uliyompitia Husseini, na unirudishe upesi, kabla hawajakaa kupanga nani aje kuniona. Cheti andika ugonjwa wenyewe, Bi Consolata anastahili kusikia ukitajwa hata kama ni kwa mtu mwingine. Picha nitazipokea, za upande huo huo. Kwenye kikao cha juzi Mzee Amiri alikalia nusu ya kiti tangu mwanzo mpaka dua, na yeye ni mtu asiyeamini mpaka aone.

Nina ombi moja tu la kweli, nakuomba kama baba yako. Ukishaniangalia ukaona ni nini, kama lile neno ulilomwambia Husseini lipo, uniambie na mimi. Na kama halipo, usiseme kitu mara moja. Mwite kwanza Husseini aingie.