Safari ya Dada kwa Miguu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kaja na barua ya shule. Wazazi na ndugu waliohamia nchi hii kutoka mbali wanaombwa wafike darasa la tano, Ijumaa saa nne, wawasimulie watoto maisha yao. Nikauliza wanamtaka nani hasa. Mke wangu akasema barua haichagui. Binti, bila kuinua uso kwenye daftari lake, akasema yeye angependa aende Shangazi.

Shangazi! Dada yangu huyu huyu tunayeishi naye, ambaye akitaka chumvi hunyoosha kidole! Nikamweleza binti kwamba Shangazi miguu inamvimba, shule ina ngazi, na kusema mbele za watu kunataka moyo. Dada alikuwa hapo hapo anamenya viazi. Hakujibu. Nikahesabu kuwa ameridhia.

Ukweli niuandike, daftari ni langu. Muhula uliopita alialikwa Baba Pacha, dereva wa teksi wa ghorofa ya juu. Akaeleza alivyojificha siku nne ndani ya lori la vitunguu. Mwalimu mkuu akalia. Pengine vitunguu! Sasa picha yake iko ukutani koridoni, na kila nikienda kumchukua binti napita chini ya meno yake. Miaka kumi na tisa niko nchi hii, hakuna ukuta unaonijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika maisha yangu. Niliagwa. Nikapanda ndege. Nikaomba blanketi la pili, nikapewa. Nikatua. Sanduku likapotea, likapatikana kesho yake. Nikapata kazi chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka. Nipo hapo mpaka leo.

Nikasoma kwa sauti, polepole, jicho kwenye saa. Dakika moja na nusu. Nikaongeza mawingu. Dakika mbili.

Nikamsomea mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza shida ilikuwa wapi. Nikamwambia hata hilo blanketi la pili lilikuwa jepesi. Akarudi kuchambua maharagwe.

Siku nzima kazini sikuwa na raha. Shuka linaingia na makunyanzi yake, linatoka limenyooka. Ndiyo mimi. Nimepita kwenye mashine nikatoka sina hata kunyanzi moja la kusimulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata!

Dada ndiye aliyetangulia kuja huku, na hakuja kwa ndege. Alitembea siku kumi na moja mpaka mpakani, mgongoni mtoto wake wa miezi minane. Mtoto alifia njiani. Najua haya kwa sababu Mama alinieleza mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na miwili, halafu akanituma dukani nisiulize zaidi. Dada mwenyewe hajawahi kufungua kinywa.

Sasa hadithi kama hiyo imelala tu chumba cha pili, haifanyi kazi. Hasara! Nikajiuliza kama ni wizi. Nikajijibu: safari ile ni ya ukoo, nami ni wa ukoo. Mtu haibi kwao.

Nikaenda kuchota habari kidogo. Dada alikuwa kwenye cherehani anapinda mapazia ya watu. Nikauliza, kama mtu anayepiga soga tu, eti mto wa kule njiani ulikuwa mpana? Cherehani ikasimama. Akauliza mto gani. Nikasema mto wowote. Akasema mito haifanani, akaendelea kushona.

Basi nimejitungia mwenyewe. Msafiri ni mimi, kijana wa miaka kumi na sita. Mtoto ni mdogo wangu. Nimeongeza mvua. Mto nimeupandisha mpaka kifuani. Nilipofika mahali mtoto anapokufa, kalamu iligoma. Wino umo. Nikamwacha hai. Na kweli, watoto wa darasa la tano si wa kutishwa.

Dakika kumi na nne!

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Nyumbani hakuna nafasi, nikaenda kwenye ngazi za jengo na mto wa kulalia mgongoni. Nikapanda nikichechemea, nikihema, nikimbembeleza mtoto. Kwenye kona uso kwa uso na Baba Pacha. Akauliza nimembeba nani. Nikasema napeleka mto kufuliwa. Akasema pa kufulia ni chini, mbona mimi napanda. Huyu jamaa! Kisha akasema kesho atakuja kusikiliza, kwa ujirani mwema. Ujirani mwema gani? Anakuja kulinda ukuta wake.

Jambo jingine likanitia wasiwasi. Binti na Dada wananong'ona jikoni. Nikiingia, kimya. Sitaki kubahatisha. Dada ana viatu vya kutokea jozi moja tu, vyeusi, vya ngozi. Nikavitia kwenye mfuko, nikaenda navyo zamu ya mchana, nikavificha chini ya lundo la mashuka. Bila viatu hatoki. Akili ni mali.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeumbuka.

Nianze mwanzo. Watoto thelathini, wameketi kimya. Baba Pacha nyuma, kakunja mikono. Nikaanza. Siku ya tatu njaa. Siku ya sita mvua. Watoto wakaachama. Mwalimu wa darasa akafungua mkoba, akatoa leso. Leso! Nikachechemea kuelekea ubaoni, miguu imeuzoea mwendo kabisa. Hapo mlango ukafunguliwa. Binti, niliyedhani yuko chooni, akaingia amemshika Shangazi yake mkono. Dada kavaa gauni lake zuri la bluu. Miguuni ndara.

Wakakaa nyuma. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuanguka. Lakini leso ya Mwalimu ilishafika jichoni, na mimi nilishafika katikati ya mto. Nikavuka. Nikamfikisha mtoto salama, mkavu, anacheka. Makofi!

Kisha maswali. Msichana mwenye miwani akauliza yule mtoto yuko wapi sasa. Nikasema ni daktari. Mwingine akauliza daktari wa nini. Wa meno, nikasema. Wa tatu akauliza jina lake. Miaka yote hii, silijui. Mama hakunitajia, mimi sikuuliza. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Dada akasimama.

"Hakufika," alisema.

Kisha akataja jina. Jina fupi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.

Mwalimu akamletea kiti mbele. Mimi nikasogea pembeni, karibu na pipa la taka. Dada akasema mvua haikuwepo, lilikuwa jua. Mto ulifika magotini tu, hata mbuzi walivuka. Kilichomchukua mtoto ni homa, siku mbili. Mama mmoja asiyemjua alimsaidia kuchimba kwa mfuniko wa sufuria. Halafu akatembea siku nne zilizobaki mikono ameikunja kifuani, kama bado anapakata, kwa sababu hakujua aiweke wapi.

Msichana wa miwani akauliza, kwa sauti ndogo, kama mikono hatimaye ilipata pa kuwekwa.

"Ilipata kazi, mwanangu," Dada alisema. Aliosha ngazi za maghorofa miaka mitatu, mpaka tikiti ya ndege ya mdogo wake ikapatikana.

Vichwa thelathini vikanigeukia kwa pamoja.

Baba Pacha alikuwa analia. Hakuficha. Alitoka amempa Dada mkono wa kuegemea kwenye ngazi, akatupeleka nyumbani kwa teksi. Mimi alinikalisha mbele, hakunisemesha njia nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba ni matanga. Mke wangu kaniwekea chai, kageuka. Binti kahamishia madaftari yake chumba cha Shangazi. Nilimgongea, nikamwambia niliyofanya niliyafanya kwa sifa ya familia. Akajibu nyuma ya mlango uliofungwa kwamba yeye alishawaambia wenzake wote baba yake hajui kudanganya. Sikujua anasema hivyo juu yangu.

Nikaenda kazini kufuata viatu. Lundo limeshafuliwa, viatu ndani yake. Vimetoka vimejikunja kama majani makavu. Nimemwambia Dada viatu vya siku hizi havina ubora.

Mchana nikamkuta peke yake jikoni. Nikajiandaa kutukanwa. Ningefarijika kidogo. Badala yake akaniuliza, macho kwenye sinki, daktari yule nilimweka hospitali gani. Nikasema kubwa, ile ya karibu na kituo cha basi. Akauliza ana mke? Nikasema anaye. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeandika anwani.

"Meno," akasema. "Alikuwa ameota mawili."

Akafunga bomba, akaenda kushona. Chai yangu ilipoa. Sikuinywa.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yamebadilika!

Mwalimu kapiga simu. Picha ya Dada itapanda ukutani. Ilipigwa asubuhi, hapa sebuleni, na mimi nilikuwa napita nyuma yake kwa bahati. Mara nne. Mpiga picha kasema sikio langu huenda likaonekana.

Kubwa zaidi: shule ya mtaa wa pili wamesikia habari, wanamwomba Dada aende Alhamisi. Dada kasema hapana. Yale ameshayasema mara moja, yanatosha, na hana viatu. Mke wangu akasema tuwajibu tunashukuru, haitawezekana. Jukumu la kujibu nikalichukua mimi, maana wao wana shughuli.

Nimejibu. Nimewaandikia kwamba Dada anasikitika, ila ndugu yake wa tumbo moja atafika badala yake, bila gharama. Shule ile hakuna anayenijua. Baba Pacha yuko zamu ya uwanja wa ndege Alhamisi, nimechunguza. Na kosa la Ijumaa nimeliona lilipokuwa: daktari anakaa mahali pamoja, lazima watu waulize yuko wapi. Safari hii mtoto nitamfanya rubani.