Mausi Isiyo na Kamba

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi mbaya. Kaka Mumbere amepiga simu kutoka Munkunyu kabla sijanawa uso. Amesema pamba imezidiwa na majani, na kwamba mtu wa miaka ishirini na tisa hawezi kuendelea kushinda Bwera akicheza gemu. Nikamwambia sichezi, najifunza kompyuta. Akauliza nitahitimu lini. Nikasema mtandao unakatika. Akasema haukatiki, anamsikia mpaka jogoo wa jirani yangu.

Uamuzi wake: Jumapili ikipita sina kazi, Jumatatu niwe shambani. Jembe langu ameshalitia mpini mpya!

Mimi ni Kathembo, mwana wa tano. Kwetu jina linasema yote. Mumbere alitangulia kuzaliwa, akapata ardhi. Zamu yangu ilipofika ilikuwa imebaki mipini.

Lakini Mungu si Mumbere. Mchana Afande Danieri ametangaza shindano. Afande ndiye mwenye ukumbi wa gemu hapa Bwera, askari mstaafu, hajui kusema polepole. Anafungua ukumbi wa pili mjini Kasese, na Jumamosi atakayeshinda huko ndiye atakayeusimamia. Mshahara, chumba cha kulala, ufunguo mfukoni! Gemu ni ile ya mazimwi. Zimwi linachungulia dirishani, unalilenga, unabofya, pointi moja. Dakika tano kila mtu, kwa zamu, kwenye kompyuta moja.

Mshindani wa maana ni mmoja tu, Kezironi, anayefundisha watoto kanisani. Huyo hukaa kitini kama mfuko wa saruji. Hatikisiki. Hajikuni. Mimi nikikaa dakika mbili miguu inaanza kunidai. Nikisimama, kamba ya mausi inanirudisha chini. Mwezi uliopita niliivuta hadi kompyuta ikaanguka, Afande akanifungia mlango siku tatu.

Nimefikiri mchana kutwa. Tatizo si mimi. Tatizo ni kamba!

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya soko Mpondwe. Nimezunguka meza zote mpaka nikampata Elise, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza chaja na vitu vya kompyuta. Anayo! Mausi ya gemu, nyeusi, vitufe ubavuni, taa zinazogeuka nyekundu, kijani, buluu.

"Iko sanfil, papa," akaniambia. "Kamba hapana. Unaweza cheza hata ukiwa kwa mulango."

Akaifungua tumbo, akatoa kidude kidogo kama punje ya mahindi. Kidude unakichomeka kwenye kompyuta, mausi inabaki mkononi, vinazungumza kwa hewa. Akanionya nisikiangushe, kwa sababu bila kidude mausi iko kufa tu.

Pesa sina. Nimempa viatu vyangu vya kanisani na pasi ya mkaa. Ameangalia soli muda mrefu kuliko nilivyoangalia mausi, halafu akakubali.

Nimerudi na ndala miguuni na furaha moyoni. Hii ni siri yangu kubwa. Nimewaambia watu wanne tu.

Jumatano, 14 Agosti

Mazoezi. Nimechomeka kidude kwenye kompyuta namba tatu. Balaa! Mausi ina mbio. Unaigusa kidogo, mshale unatoka Bwera unakwenda Fort Portal. Dakika ya kwanza sijaua zimwi hata moja. Nimefunga gemu, nimefungua picha za Afande akiwa kuruta, hana shati, mbavu zote zinahesabika. Ukumbi mzima umeona.

Baadaye nimegundua kitufe cha kupunguza mbio. Kisha nimesimama. Nimerudi nyuma hatua tatu, mausi juu ya paja, mguu mmoja unacheza. Mia nne na thelathini! Sijawahi hata kukaribia. Ndipo Afande akatokea.

"Wewe! Keti chini! Hapa si disko!"

Na akaweka sheria papo hapo. Jumamosi kila mchezaji ataketi. Nimeketi. Mia tatu na thelathini. Kezironi, na mausi yake ya kamba, mia tatu na sitini. Tena akanishauri kwa sauti ya kanisani kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia zimwi nalo halina subira.

Nimetoka nje na hasira zangu. Nimekaa kwenye benchi, mausi gotini, nikawa naisugua tu kama mtu anayejikuna. Ndani kukatokea kelele. Nikachungulia. Kezironi amehamia namba tatu, na mshale wake umeruka kutoka dirishani hadi juu ya paa! Nikasogeza mkono kushoto. Kelele. Kulia. Kelele!

Nilikuwa nimesahau kidude kwenye kompyuta. Hapana, sikusahau. Mungu alikitoa akilini mwangu kwa makusudi.

Mpango basi. Jumamosi nitacheza, nitainuka, kidude nitakiacha pale pale.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepima kama fundi. Hatua saba mausi inafanya kazi, hata ukuta ukiwa katikati. Hatua tisa inakufa.

Kezironi amehangaika kwenye namba tatu karibu saa nzima. Afande ameipiga kompyuta kofi na kuiamuru isimame sawasawa. Haikusimama, kwa sababu mimi sikutaka!

Kisha likatokea jambo la kuudhi. Kezironi amekuja kukaa nami benchini. Amesema bambi, masikini yeye, labda macho yake yanaharibika. Amesema anaihitaji kazi hii, amechoka kulala stoo ya kanisa kati ya ngoma na viti vya harusi. Amenunua chapati ya mayai, akaikata katikati, akanipa kipande kikubwa.

Dhamiri imenichoma. Nimekula haraka haraka, ikatulia.

Ijumaa, 16 Agosti

Taa hazizimiki. Nimeivisha mausi soksi, nimeitoboa chini penye jicho lake. Bado zinaonekana. Nimeongeza koti. Joto hili, na mimi nimevaa koti! Ndani ya koti kitabu cha nyimbo, juu ya kitabu mausi, juu ya mausi mkono. Nimeizunguka Bwera mara tatu, sina ninakokwenda. Mama mmoja ameniuliza kama nina malaria.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilikuwa nimeshinda. Naandika hivyo kwanza ili ijulikane.

Kasese, ukumbi mpya, rangi bado inanuka. Kompyuta ya shindano ni moja tu, imeunganishwa na skrini kubwa ukutani ili watu wote waone. Wachezaji wanane, kila mtu kwa zamu. Mausi ya kwako ruhusa. Waumini wa kanisa la Kezironi wamejaza benchi mbili, mbele yao Mama Edisa, anayeongoza kwaya.

Zamu yangu ilikuwa ya saba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama chini ya meza, nikachomeka kidude, nikaketi. Afande akaniwekea mkono begani nisiinuke. Miguu ilinidai vibaya, lakini nikavumilia. Mia tatu na arobaini na moja! Wote walionitangulia walikuwa chini ya mia tatu. Nikainuka na mausi yangu. Kidude nikakiacha. Nikaenda kusimama karibu na nguzo, hatua sita, mkono ndani ya koti.

Kezironi akaketi, wa nane na wa mwisho. Dakika ya kwanza nilimburuta bila huruma. Akilenga dirisha, nampeleka mlangoni. Akienda mlangoni, namrusha mawinguni. Pointi sita! Nikamwona anatoka jasho, Kezironi, mfuko wa saruji. Furaha niliyosikia siwezi kuieleza.

Kuanzia hapo nilitakiwa kufanya nini? Kila mtoto wa shule anajua. Endelea kuburuta, usibofye. Kazi ilikuwa yangu.

Lakini Kezironi akaachia mausi. Akainua mikono yote miwili juu, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti. Mshale ukasimama katikati ya skrini. Mazimwi yakatoka. Moja, mawili, madirisha yote yakajaa, na hakuna anayeyapiga. Gemu hiyo ina ubaya mmoja. Zimwi usipolipiga, linacheka.

Nikajiambia acha yacheke. Yakacheka. Nikajiambia basi nilipige moja tu, lile la juu, lenye meno. Nikalipiga. La pembeni likachungulia, nikalipiga. Halafu sijui. Nilikuwa nimesimama, mguu mmoja unacheza, hakuna wa kuniambia keti. Nilisahau kwamba mimi ni adui. Nilipiga mazimwi dakika nne mfululizo, na sijawahi kupiga vizuri namna ile maishani mwangu. Watu walipanda juu ya mabenchi. "Bannange! Jamani! Hana mikono! Anacheza hana mikono!"

Kengele ikalia. Kezironi, mia tatu na hamsini na mbili.

Nimeshindwa na mimi mwenyewe, kwa pointi kumi na moja.

Jumamosi, baadaye kidogo

Yaliyobaki. Niliacha kalamu, nikalizunguka jengo la ukumbi mara mbili, sasa naweza kuandika.

Afande alimpa Kezironi mkono. Kezironi akaukataa! Akasema mbele ya watu wote kwamba pointi zile si zake, mikono yake ilikuwa juu, kila mtu ameona, hawezi kuchukua kazi kwa kitu asichokifanya. Afande akafikiri, akajikuna kidevu, akasema kama ni hivyo basi kazi inakwenda kwa namba mbili.

Namba mbili ni mimi! Nilikuwa nimeshanyanyua mguu kwenda mbele. Nilishaona chumba. Nilishaona ufunguo. Nilishamwona Mumbere akilima peke yake.

Ndipo Mama Edisa akasimama. Akasema tumshukuru malaika aliyepiga mazimwi yale, maana shabaha kama ile haijaonekana Kasese tangu yeye azaliwe. Watu wakapiga makofi. Malaika! Wakaanza na wimbo wake kabisa!

Nilijiambia nyamaza, Kathembo. Nilijiambia mara mbili. Niliuma mdomo. Lakini ubeti wa pili ulipoanza, wa kusifu mkono wake mwepesi, nikashindwa.

"Malaika gani?" nikapiga kelele. "Ni mimi!"

Nikaitoa mausi, nikaivua soksi, nikaiinua juu, nyekundu, kijani, buluu. Wimbo ukakatika. Nikaeleza kila kitu, vizuri, kwa utaratibu, mpaka hatua saba na hatua tisa. Nilitegemea makofi.

Afande akaniuliza kama nimemharibia mwenzangu mchezo. Nikasema hapana, nimemsaidia. Akauliza na ile dakika ya kwanza. Nikasema nilikuwa napasha mkono moto.

"Wewe! Nyuma geuka! Toka!"

Kazi amepewa Kezironi, kwa uaminifu wake. Hata hakunikasirikia. Alikuwa anauangalia mkono wangu. Kidude kimebaki kwenye kompyuta na hakuna aliyeniruhusu kuingia kukichukua.

Imeniuma sana. Nimelia kidogo nyuma ya jengo, karibu na pipa la rangi.

Jumatatu, 19 Agosti

Munkunyu. Mumbere amenipa jembe. Amenionyesha mstari wangu. Mstari hauna mwisho, nimeenda kuutafuta. Malengelenge manne. Shemeji ameniambia habari zangu zilifika juzi, kabla yangu, na kwamba huku zimeshaongezewa chumvi. Wanasema nilikamatwa nimejificha ndani ya kompyuta.

Alhamisi, 22 Agosti

Kezironi amepiga simu! Huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, pembeni ya shamba, na nilikuwa nimepanda kupumzika. Bahati hiyo.

Amesema amezungumza na Afande kwa siku tatu. Ukumbi wa Kasese unahitaji mtu wa kuwafundisha wachezaji wapya kulenga, na yeye hajaona mtu anayelenga kama mimi. Amesema ni kazi ya kusimama kutwa, kupita nyuma ya wachezaji, huyu umrekebishe mkono, yule umwonyeshe dirisha. Chumba tutagawana. Nianze Jumatatu. Amesema nijibu ndiyo tu, basi.

Kusimama kutwa! Kutembea! Hakuna kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu duniani isipokuwa hiyo. Moyo ulinidunda mpaka nikashika majani nisianguke.

Lakini mtu asionekane ana shida. Nikamwambia nitafikiria. Nikamwambia pia kuna masharti madogo. Kwanza, mia tatu na hamsini na mbili iandikwe ukutani, na jina langu chini yake. Pili, Mama Edisa aliambie kanisa lote kwamba yule hakuwa malaika. Tatu, niwe na kiti, kiti cha kuzunguka, kirefu kuliko cha msimamizi.

Akaniuliza kiti cha nini, Kathembo, wewe hukai. Nikamwambia si cha kukalia, ni cha heshima. Akasema sawa, ndugu yangu, amenielewa. Simu ikakatika.

Ni mtandao. Kwa hiyo nimebaki hapa kichuguuni ili akipiga anipate. Mumbere ameniita mara tatu kutoka kwenye mstari. Nimemwambia nasubiri simu ya kikazi. Nimekaa tangu saa nne, sasa ni saa kumi, sijainuka hata mara moja, na siafu wameshanijua.

Akipiga, mara ya kwanza sitapokea. Asije akadhani mimi ni mtu wa kuitwa hivi hivi.