Nani Amenakili Nyota Namba 41?

Jumatatu, 6 Julai

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: nyota namba 41 nimeibahatisha.

Sikuipima. Sikuirudia mara mbili kama tulivyoagizwa. Nilifumba macho, penseli ikashuka kwenye "Kaboni", nikaweka alama. Lakini ningefanyaje? Sikutaka kuonekana mjinga siku ya kwanza!

Nieleze vizuri, maana nikishakuwa maarufu watu watasoma hapa. Daktari (si wa hospitali, wa nyota) ana karatasi mia na ishirini. Kila karatasi ni nyota moja ya galaksi ndogo iliyo jirani na yetu. Nyota zenyewe zina vumbi. Zimejifunika gubigubi, kwa macho hazionekani vizuri, ila joto lake linapenya. Darubini iliyoko huko juu angani imeupokea mwanga huo wa joto, wa infraredi, na kompyuta ikauchora: mstari unaopanda na kushuka, na namba zimepangwa chini yake. Huo mstari ndio spektra. Kazi yetu ni kuusoma na kusema vumbi ni la aina gani. Kilima kwenye namba kumi: mchanga. Kilima kwenye kumi na moja na kidogo: kaboni, jamaa yake masizi. Bonde badala ya kilima: nyota changa, bado imo ndani ya wingu lake.

Kwenye fomu ya majibu kuna kisanduku cha nne. "Haijulikani." Daktari amesema tukitumie bila aibu. Bila aibu! Mimi nimemaliza shule juzi tu. Mwalimu wetu wa hesabu alisema swali haliachwi tupu hata darasa likishika moto.

Tuko wawili. Kila mmoja anasoma peke yake, halafu Daktari analinganisha. Ijumaa atachagua mmoja abaki naye mwaka mzima, kwenye meza ya dirishani. Mwingine kwaheri. Na kwangu mimi kwaheri maana yake ni duka la vifaa vya ujenzi la Shangazi. Ameshanishonea aproni. Jina langu limedariziwa kifuani kwa uzi mwekundu.

Mwenzangu ni msichana wa rika langu, miwani mikubwa, sauti ndogo. Tumetenganishwa na kabati. Kila baada ya dakika tano namsikia akinong'ona, "Mh, hii sijui." Nimempa jina Bi Sijui. Huyu hanisumbui.

Jumanne, 7 Julai

Ananisumbua.

Jioni tunaacha fomu zetu kwenye trei mezani kwa Daktari, zimefunikwa. Leo asubuhi nilikwenda kuhakikisha kwamba ya kwangu imefunikwa vizuri. Jicho likateleza kwenye ya Bi Sijui. Liliteleza kwa muda kidogo. Ametia "Haijulikani" mara sita. Sawa. Zile rahisi tumekubaliana. Sawa. Kisha nikafika 41.

Kaboni!

Niliketi. Nikafikiri kwa utaratibu, kama mwanasayansi. Mimi 41 sikuiona, niliibahatisha. Jibu la kubahatisha halitoki kwenye karatasi, linatoka kichwani mwangu. Mtu mwenye jibu lile lile atakuwa amelitoa wapi? Kwenye fomu yangu tu! Bi Sijui ananakili. Msichana wa hivyo, mpaka nyota anaiba!

Siwezi kumshtaki. Kwanza mimi naona haya hata kuomba kifutio. Pili, Daktari ataniuliza nimejuaje kilichomo kwenye fomu ya mwenzangu.

Saa ya chai Bi Sijui alinisogezea kiti, akaniuliza kama nami naona zile nyota zinachosha macho. Nikasema hapana. Akasema, "Hongera, shoga, mimi najiona kama nasoma mwandiko wa mganga." Nilikaribia kucheka. Nikajizuia. Ndivyo wanavyoanza.

Mama ameuliza kazi inaendaje. Nikamwambia kuna mambo, siwezi kuyasema. Akasema basi nimsaidie kuosha vyombo.

Jumatano, 8 Julai

Leo mtego!

Mpango: nyota tano nazijua vizuri kabisa, lakini kwenye fomu naandika uongo. Bi Sijui akinakili, atanakili na uongo. Kesho asubuhi, kabla Daktari hajafika, nitarekebisha zangu kwa kifutio na zake zitabaki zikimuumbua. Majibu ya kweli nimeyaficha humu shajarani ili nisisahau: 52 mchanga, 61 mchanga, 66 changa, 70 kaboni, 79 mchanga.

Pia nimeng'oa unywele na kuulaza juu ya fomu yangu kwenye trei. Ukisogea, kuna mtu amepekua. (Mama aliniona asubuhi nikichagua unywele kwenye kioo. Akaniuliza kama kuna mtu ananiudhi. Mama ana akili kuliko anavyoonekana.)

Saa tisa Bi Sijui alipeleka fomu yake, akapiga chafya palepale juu ya trei. Unywele ukaruka! Chafya gani hiyo inayokuja kwa wakati? Akaomba radhi kwa trei. Kwa trei!

Alipotoka kwenda kunawa, nikatazama fomu yake. 52 mchanga. 61 mchanga. 66 changa. 70 kaboni. 79 mchanga. Zote tano sahihi, hakuna hata moja inayofanana na uongo wangu.

Ameugundua mtego! Mtu asiye na hatia angenaswa.

Nikanyoosha mkono nichukue fomu yangu, nirekebishe hapo hapo. Mlango ukafunguka. Daktari. Akasema leo anazichukua mapema, anataka kuzipitia nyumbani. Akazitia zote mbili kwenye mfuko wake pamoja na mkate. Akaniambia, "Umechoka, mwanangu, kapumzike."

Nimerudi nyumbani na kifutio changu mkononi.

Alhamisi, 9 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi kwa sababu nina haya hata mbele ya karatasi.

Daktari aliniita. Akaweka mezani karatasi mbili, 61 na 88. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona nyota mbili. Akasema tazama tena. Nikatazama. Kilima kile kile, mikunjo ile ile, mpaka kijidoa kidogo cha pembeni. Ni nyota moja! Ameichapa mara mbili kwa namba tofauti, makusudi, aone kama mtu huyo huyo atasema jambo lile lile mara zote mbili. Na nyingine kama hizo zimo.

Mama yangu! Mtu mzima, daktari, anawekea watoto mitego!

61 ilikuwa miongoni mwa uongo wangu. Niliandika kaboni. Saa mbili baadaye, kwenye 88, nikaandika mchanga kwa moyo mweupe.

Daktari aliuliza kwa upole imekuwaje. Ningeweza kusema kweli. Maneno yalikuwa pale, kwenye ulimi. Lakini yakatoka mengine. Nikasema labda nyota ilibadilika kati ya asubuhi na mchana.

Daktari akasema nyota kama hiyo ikibadilisha vumbi lake inachukua maelfu ya miaka. Akainamia kikombe cha chai. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Upande wa pili wa kabati Bi Sijui alisikia kila kitu. Hakucheka. Alikuja akaweka biskuti tatu mezani kwangu, akasema hata yeye 66 alitaka kuiita mchanga, akaponea chupuchupu. Biskuti za nini? Mtu hatoi biskuti bila sababu. Nilizichunguza pande zote. Nikala moja kwa ajili ya uchunguzi. Na nyingine mbili za kuthibitisha.

Shangazi amepiga simu kuuliza kama kiuno cha aproni kipunguzwe.

Ijumaa, 10 Julai

Nina jambo zito. Nianze mwanzo.

Kikao saa nne. Daktari, Bi Sijui na mimi, na skrini ukutani. Kabla Daktari hajafungua mdomo, Bi Sijui akasimama. Akasema anaomba kubadilisha jibu moja la Jumatatu. Namba 41. Akasema alibahatisha. Kilima kilikuwa hakijulikani kiko kumi au kumi na moja, akaandika kaboni basi tu. "Sikutaka kuonekana mjinga siku ya kwanza," akasema. "Tangu siku hiyo inanikaa hapa." Akagusa koo.

Daktari hakumkaripia. Akaifungua 41 ukutani, kubwa kama mlango.

Niseme kweli: hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kuitazama. Ilikuwa nzuri. Kilima kimoja kina vilele viwili, kama watu wawili wamejifunika shuka moja. Daktari akaleta picha ya anga mahali pale. Kweli, si nyota moja. Ni mbili zimesogeleana, moja ya mchanga, moja ya kaboni, na darubini imezichota pamoja kama mtu achotaye mchele na mawe. Pengine. Mpaka zitazamwe tena moja moja, akasema, jibu la haki ni "Haijulikani".

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Wewe pia uliandika kaboni. Una la kusema?"

Aliuliza taratibu sana. Akasubiri. Bi Sijui naye akanitazama kwa macho ya kunitia moyo, yamekuwa makubwa mara mbili ndani ya ile miwani. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nililijua. Nikasimama.

Nikaitetea kaboni kwa dakika kumi.

Mimi! Mimi ambaye naona haya kuitikia jina langu! Nilikwenda mpaka ukutani, nikapima kwa kidole, nikasema kilele cha kushoto ni kivuli cha kile cha kulia. Nikasema mchanga ungekuwa na umbo la kiungwana zaidi. Daktari akauliza kama Jumatatu niliiangalia vizuri. Nikasema, kwa makini.

Daktari akazima skrini.

Meza ya dirishani amepewa Bi Sijui.

Mimi Daktari alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia macho yangu ni mazuri, kwenye zile rahisi sikukosa hata moja ila tano asizozielewa mpaka leo. Akasema siku nitakayoweza kutamka "sijui" bila kuumwa, nirudi, hata kama ni kesho. Nikaitikia kwamba nimeelewa.

Na nimeelewa! Nimeelewa njiani, karibu na fundi viatu, nikasimama ghafla mpaka mtu akanigonga mgongoni. "Sikutaka kuonekana mjinga siku ya kwanza." Hayo ni maneno yangu! Yameandikwa humu, Jumatatu, neno kwa neno! Na nani mwingine alijua kwamba 41 ni ya kubahatisha? Hakuna. Hakunakili fomu yangu. Amesoma shajara yangu!

Amenakili mpaka ungamo langu, akalitumia kabla mimi mwenyewe sijalitumia.

Jumatatu, 13 Julai

Dukani kwa Shangazi. Aproni inabana.

Shajara sasa naificha kwenye droo ya bawaba kubwa, ambazo hakuna anayezinunua.

Saa tano, nani akaingia? Bi Sijui! Akasalimia vizuri, Shangazi akampenda papo hapo, akamwita binti mwenye adabu. Ameniletea karatasi ya 41, imechapwa upya, safi. Akasema Daktari anaandika maombi ili zile mbili zitazamwe tena, na Jumamosi wanaanza karatasi nyingine mia, mikono haitoshi, nami naulizwa. Akasema, "Njoo, bwana. Kule kabatini kumekuwa kimya, sina wa kunihesabia chafya."

Amejuaje kwamba nimeandika habari ya chafya? Na amejuaje duka liko wapi? Yote yameandikwa humu! (Duka nilimwelekeza mimi, Jumanne, aliponiuliza ninakaa upande gani. Lakini hilo halibadilishi kitu.) Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Shangazi akauliza ratiba gani.

Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la misumari. Vile vilele viwili. Nimevitazama mara nne leo.

Nimeamua nitakwenda Jumamosi, kupeleleza.

Sasa jambo moja la mwisho. Mchana fundi rangi alichukua kopo kubwa la rangi ambalo karatasi yake imebanduka. Akaniuliza, "Binti, hii ni ya ndani au ya nje?" Nilikuwa sijui. Shangazi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anapanga mabomba. Ningemuuliza. Lakini ni siku yangu ya kwanza.

Nikafumba macho kidogo. Nikasema ya nje.

Anapaka ukuta mzima wa shule ya chekechea, upande unaopigwa na mvua. Mawingu yamejaa tangu alasiri.

Wewe unayesoma hapa, na hasa kama ni wewe, Bi Sijui: la nyota umeshalisema, sawa, limekwisha. Hili la kopo niachie. Tafadhali sana. Usimwambie mtu.