Ombi la Kumfukuza Kazi Baba Yangu

Shela, Malindi
20 Agosti 1986

Kwa Mzee Katana Mwambire,
Mwenyekiti wa Mashabiki, Tufani F.C.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na watu wa nyumbani kwako Kakuyuni, na kwamba lile goti uliloliumiza ukishangilia bao sasa limepoa. Sisi huku hatujambo wote, isipokuwa mimi.

Mimi ni Jaha, binti wa meneja wenu Gharib Mahdi. Wanijua vizuri, maana kila Jumamosi ya mechi waja kwetu asubuhi na wenzako kunitazama nikimimina chai. Ni juu ya chai hiyo, na mengine yaliyofuata, nakuandikia. Naomba Kamati yako imfukuze kazi baba yangu, na imfukuze kabla mwezi huu haujakwisha, kwa sababu nataka kuolewa.

Najua ombi hili litakushtua. Baba ameiongoza Tufani kwa miaka kumi na tisa, tangu mimi natambaa, na sijaingia nyumba ya shabiki nikakosa picha yake ukutani, mara nyingi ikiwa juu ya ile ya babu wa nyumba. Heshima hiyo siipingi. Lakini mapenzi yakipita kiasi hapakosi mtu wa kuumia, na katika mji huu mtu huyo ni mimi. Malalamiko yangu nayapanga hivi, ili Kamati isije ikasema haikuelewa:

1. Chai. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya mechi na Mnarani Rovers ya Kilifi, nilikuwa nimeungua mkono wa kulia kwa mafuta ya mahamri. Nikammiminia baba chai kwa mkono wa kushoto, nikamtaka radhi, naye akainywa amesimama kwa kuwa alikuwa na haraka. Jioni Tufani ikashinda mabao manne. Tangu siku hiyo mmeamua kwamba mabao yale yalitoka kwenye birika. Mkono wangu ulipona zamani, ila bado mwasimama mlangoni kuhakikisha natumia wa kushoto, na baba wa watu haruhusiwi kuketi katika nyumba yake mwenyewe. Siku moja nilijisahau nikashika birika kwa mkono wa kulia, na Bi Kahonzi, mweka hazina wenu, akapiga ukelele mpaka majirani wakaja na ndoo za maji.

2. Posa ya kwanza. Mwaka jana walikuja watu wa heshima kutoka Lamu kuniposea kijana wao, mwalimu wa madrasa. Kwa bahati mbaya walifika Jumamosi. Mama wa kijana akaingia ndani, akaniona nikimpa mzazi wangu chai kwa mkono wa kushoto, na mzazi mwenyewe amesimama kama mtu anayefukuzwa, na umati wa watu wazima ukipiga makofi. Alijifunga buibui lake akawatoa wanawake wenzake, na hadi leo Lamu nzima yajua kwamba binti Gharib hakufunzwa adabu. Mama yangu aliwatumia ujumbe kuwaeleza kwamba ni mambo ya mpira. Kueleza huko ndiko kulikoharibu kabisa.

3. Posa ya pili. Mahadhi, fundi wa redio hapa mjini, alileta posa yake siku ya Jumatatu. Nilimtahadharisha mimi mwenyewe. Wazee wake wakaketi barazani, na kwa kuwa nyinyi hamkosekani barazani kwetu, mkaketi nao. Walipouliza kama posa imekubaliwa, baba alikuwa bado anasafisha koo. Wewe, Mzee Mwambire, ukamjibia kwamba imekubaliwa ila ndoa ingoje ligi iishe. Ligi ilipoisha mkasema kuna kombe. Tulipotolewa kwenye kombe, mapema kama ada yetu, mkasema ligi mpya iko karibu. Kibaya zaidi ni kwamba wale wazee hawakuteta. Walikuja kwa ajili yangu, na saa nzima iliyobaki wakamuuliza baba nani atacheza mbele.

4. Walii. Hili ndilo lililoniliza. Hatimaye tulipata Ijumaa moja ya nikaha, nanyi mkampangia baba mechi ya kirafiki huko Marereni siku hiyo hiyo, na vijana wa mashamba ya chumvi wakatuma lori kuja kumchukua. Kisheria baba ndiye wa kuniozesha, na asipokuwapo aweza kumweka wakili. Kamati yako ikakaa kikao ikamteua wakili huyo: golikipa Kaingu, kwa hoja kwamba hajapata kudondosha kitu alichokabidhiwa. Mzee wangu, Kaingu namheshimu sana. Lakini Kaingu huimba kwaya kanisani Kakuyuni, na sheikh alipomwona kwenye mkeka na kanzu ya kuazima, glavu zimechomoza mfukoni, alivaa viatu vyake akaenda zake. Pilau ikaliwa na majirani, nayo hina ikafifia mikononi mwangu bila mume.

5. Usajili. Mwezi uliopita nikapata habari kwamba mmependekeza nisajiliwe klabuni, ili siku nikitaka kwenda kwa mume pahitajike idhini yenu, kama mchezaji anayehama timu. Nilidhani ni mzaha hadi Bi Kahonzi aliponiletea jezi. Ni jezi nzuri. Lakini ina namba kumi na mbili, maana yake hata huko mmeniweka benchi.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, nauliza kwa adabu: kwa nini hamwezi kuwa kama mashabiki wengine? Wenzenu wa Mnarani hawajakaa na meneja mmoja hadi akajua njia ya kwenda uwanjani. Wakifungwa mara mbili humtukana, wakifungwa mara ya tatu humrushia maganda ya machungwa, na jioni mtu huyo huwa nyumbani na watoto wake. Nyinyi mkifungwa mwaja kwetu kumpa pole na kuku. Tuna kuku wengi mno hapa, na wote wana majina ya wachezaji, kwa hiyo hatuwezi kuwachinja.

Kama mmekosa sababu ya kumfukuza, nitawapa mimi. Miaka hii yote hajaleta kombe hata moja. Kwenye mapumziko huwasimulia wachezaji habari za utotoni mwake badala ya kuwapa maagizo. Nimeambiwa na wachezaji wenyewe, tena kwa fahari. Husahau majina. Hupiga usingizi mchana na kuota yuko uwanjani, na miguu yake imevunja ubao wa kitanda. Mtu wa namna hii mwampendea nini?

Najua mwampendea nini, na hapo ndipo kesi yangu hulegea. Mama yako alipofariki wakati wa mvua, na njia ya Kakuyuni ikawa matope matupu, baba alikuja kwa miguu na timu nzima, wakachimba kaburi. Yule mfanyakazi wa chumvi aliyevunjika mguu, baba alimwendea Marereni kila wiki hadi akatembea. Sina la kusema juu ya hayo, ila kwamba mtu aliyehudhuria matanga ya kila mmoja wenu anaweza kuhudhuria harusi ya mwanawe.

Basi ombi langu liko wazi. Mfukuzeni. Kama hamna moyo wa kumfukuza, Jumamosi hii tunacheza nusu fainali ya kombe la mwaka huu na Mnarani huko Kilifi. Mzomeeni mchana kutwa, aone uchungu, aondoke mwenyewe. Kama hilo nalo hamliwezi, nitachukua hatua mwenyewe. Jumamosi nitamimina chai kwa mkono wa kulia, baba ataketi kitini, na Tufani ikifungwa mabao kumi nitapiga vigelegele dirishani ili mji wote usikie.

Nawasalimu wanakamati wote, Bi Kahonzi na sauti yake, Kaingu na wanakwaya wenziwe, na vijana wote wa lori. Mama naye awasalimu, ingawa hajui kuwa nawaandikia.

Mimi niliyechoka kungoja, lakini bado nina adabu,
Jaha Gharib

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuitia katika bahasha baba alipoingia jikoni. Ameniambia kwamba kesho atakuja kwako kujiuzulu, ili Ijumaa aniozeshe, yeye mwenyewe akiwa ameushika mkono wa Mahadhi. Aliyasema akitazama chini, kisha akaenda uani kupaka dawa viatu vya wachezaji, kimoja kimoja, bila kuimba. Baba huimba kila afanyapo kazi hiyo, na vibaya mno. Sijapata kumwona amezeeka hivi, na sikuweza kuvumilia.

Kwa hiyo uyafute yote niliyoandika juu. Akija kesho, mkatalieni. Mwambieni Kamati imesafiri, mwambieni afisi imeibiwa mlango, mwambieni lolote lile. Msaidizi wake ataka kumchezesha Garama pembeni, na mtu yeyote mwenye macho ajua kwamba Garama akiwekwa pembeni hukimbia na mpira hadi barabarani. Timu haikabidhiwi mtu kama huyo siku mbili kabla ya nusu fainali.

Nimempelekea Mahadhi ujumbe dukani kwake kumwomba tusogeze ndoa mbele kidogo. Jibu limerudi sasa hivi. Asema alikuwa akitafuta namna ya kuniomba jambo hilo hilo, na kwamba ameshakata tiketi za basi la Kilifi, tatu: yake, yangu, na ya mama yangu kwa ajili ya heshima.