Jina Alilopewa Mtoto wa Petro

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu wa kilima kizima. Si nguo za mwilini, hizo nimerudi nazo (ila kanzu inanuka pombe ya ndizi, na mnajua mimi pombe sinywi). Nimevuliwa heshima. Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba aliyenivua ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu, tena nikitabasamu!

Jamaa zangu wa Tabora, nawaandikia hasira zikiwa bado za moto. Dereva wa lori la Biharamulo amekubali kuibeba barua hii. Ncha ya kalamu nimekwisha kuipinda kwa kukandamiza. Mkiona madoa kwenye karatasi, ni wino. (Ni wino, nimesema.)

Mnanijua. Duka langu hapa Mugoma haliuzi chumvi na kaniki tu. Mwanamume akiingia, kabla sijampimia kitambaa, namwuliza jina lake, na nikishalijua nampa maana yake. Bure kabisa! Msukuma aitwaye Mabula namweleza kwamba alizaliwa wakati wa mvua. Hamisi namwambia siku yake, Shabani namwambia mwezi wake. Padri wa misheni alinifundisha majina ya kwao, basi alipokuja mkulima mmoja wa Nyamigogo aliyebatizwa Filipo, nikamwambia, "Wewe ni mpenda farasi." Akauliza farasi ni nini. Nikamweleza. Akaondoka bila kununua chumvi, lakini aliondoka na elimu. Hata Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyepita hapa na hema zake, mpishi wake alinong'ona kwamba anaitwa Joji, nikamwambia mpishi maana yake ni mkulima. Mtu hajapata kushika jembe tangu azaliwe!

Hiyo ndiyo kazi ninayowafanyia watu wa huku. Shukrani yao mtaisikia sasa hivi.

Mungu amenipa mabinti, nawapenda kama mboni za macho yangu, lakini wa kiume hajanipa. Nikifa leo katika nchi hii ya Bugufi, hakuna atakayesikika akiitwa Masudi. Jina la babu yangu, alilotoka nalo pwani kwa miguu, litaishia kwenye kibao cha duka, na kibao chenyewe mchwa wameshaanza kukila. Jambo hilo hunikosesha raha, sitawaficha. Kwa hiyo Anastazia, mke wa jirani yangu Petro, alipochukua mimba, nikasema moyoni: akizaa mwanamume, huyo ndiye somo yangu. Ataitwa Masudi, na mimi nitamvika.

Nilisema moyoni. Halafu nikasema dukani. Halafu nikasema gulioni, nikasema kwenye foleni ya kodi, nikamwambia na tarishi wa boma, maana yeye anafika mbali.

Petro akanijia siku moja, uso umekunjamana. "Bwana Masudi, huku kwetu mtoto hatajwi jina kabla hajatolewa nje. Baba mwenyewe hathubutu."

"Simtaji," nikamjibu. "Namwandalia tu."

Akanyamaza. (Mtu akinyamaza, mimi huhesabu amekubali. Mnieleze kosa liko wapi.)

Akazaliwa mwanamume! Nilifurahi kuliko Petro. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa nje na kumpa jina. Asubuhi nikavaa kanzu ya Idi. Nikachukua kitambaa cheupe cha bafta, mfuko wa chumvi, na kikofia kidogo alichokishona mke wangu Zaituni. Zaituni akanisimamisha mlangoni.

"Baba Mwanaidi, nakuomba. Nenda ukale, ukae kimya, urudi."

"Nitakaaje kimya na jina ni langu?"

"Nani amekwambia ni lako?"

Kuna maswali mtu hayajibu akiwa amevaa kanzu ya Idi.

Uani kwa Petro watu walikuwa wamejaa. Mtungi wa pombe katikati, mirija imesimama, ndizi na maharage yanapita kwenye vyungu. Baba yake Petro, Mzee Bukuru, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Ni pacha wa kwanza, ndiyo maana ya Bukuru. Mdogo wake alikuwa Butoyi, kama Wasukuma wanavyosema Kulwa na Doto. Mzee huyo amewaona Wajerumani, akawaona Wabelgiji, sasa anawaona Waingereza, na wote amewatazama kwa jicho lile lile analonitazama mimi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Basi.

Sasa mnapaswa kujua desturi yao. Mtoto akitolewa nje, kila mgeni hutaja jina, mmoja baada ya mwingine. Ni furaha tu, watu hutaja lolote na kucheka. Mama mmoja akasema aitwe Jembe. Mlevi mmoja akasema aitwe Mrija. Mwishoni babu hutaja lake, na hilo ndilo linaloshika. Desturi hii naijua sana, nimewaeleza hata wenyewe. Lakini nikajiambia, mzee atatajaje jina jingine akishasikia jina lililoelezwa vizuri?

Ikafika zamu yangu. Wenzangu walikuwa wametaja majina yao wakiwa wamekaa. Mimi nikasimama.

Nikaanzia kwa Musa, aliyetolewa majini. Nikapita kwa Isihaka, ambaye jina lake ni kicheko, na kwa Yakobo aliyezaliwa ameshika kisigino cha nduguye. Nikamgeukia Petro mwenyewe nikamkumbusha kwamba yeye ni jiwe. Nikaingia Arabuni kwa Salimu na Saidi. Mtoto akalala. Watu wakabadilisha miguu waliyoikalia. Mrija ukapita, ukarudi, ukapita tena. Nikaona kimya kile nikakipenda, nikasema: leo elimu imewaingia!

"Umemaliza?" akauliza Mzee Bukuru.

"Bado kidogo, Mzee."

"Maliza."

Nikamaliza na jina lenyewe. Nikawaambia Masudi ni mtu mwenye bahati njema, aliyeneemeka, na kwamba mtoto aitwaye hivyo nyumba yake haikosi chakula. Nikamvika kikofia. Kilimkaa vizuri sana, uwongo mbaya. Macho yangu yakalowa kidogo, nikasingizia moshi.

Mzee Bukuru akampokea mtoto, akamwinua, akamtazama usoni. Akasema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa migomba:

"Bavugamenshi."

Watu wote wakatazama chini, kila mmoja kana kwamba ameangusha sindano. Anastazia akauficha uso kwenye khanga. Mimi? Mimi nilikuwa nimeumia kwa jambo jingine kabisa: si Masudi! Somo yangu amekwenda hivi hivi!

Hapo ndipo yule mzee aliponiita. Na nawaapia, alikuwa amenitegea tangu asubuhi.

"Masudi. Wewe ndiye mjuzi wa majina. Hapa kuna wageni wa Biharamulo, lugha yetu hawaijui. Tueleze jina hili."

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mtu ameombwa elimu mbele ya wageni! Uchungu ukaniisha. Nikasimama tena, nikakung'uta kanzu, nikaanza.

"Jina zuri sana!" nikasema. (Nilisema hivyo. Zuri sana. Masikio yangu yanawaka ninapoyaandika haya.) "Bavugamenshi: wanasema mengi. Ni watu wenye maneno mengi. Sasa, ndugu wageni, jina la namna hii halimsemi mtoto mwenyewe. Mtoto hana kosa. Wahangaza, wenyeji wa hapa, wana ustaarabu wao: mtu akiudhiwa na jirani hamtukani, humpa mwanawe jina la kumsema yule jirani. Basi kila mama anapomwita mtoto, asubuhi na jioni, jirani anasikia ng'ambo ya ua na ujumbe unamfikia. Hawezi kujibu, kwa sababu hakuna aliyemtaja! Kwa hiyo tukitaka kulijua jina hili vizuri, hatuna budi kujiuliza: karibu na nyumba hii, ni jirani gani ambaye..."

Nikaugeukia ua wa Petro, mkono umenyooka, niwaonyeshe majirani mmoja mmoja.

Upande ule kuna nyumba moja tu. Ina kibao cha duka.

Mkono ukabaki hewani. Sikujua niupeleke wapi. Kilichofuata sikielezi, maana si kicheko kile, ni radi! Yule mama wa Jembe alishika tumbo. Wageni wa Biharamulo, ambao lugha hawaijui, walicheka kuliko wenyeji, maana walikuwa wameelezwa vizuri. Mlevi wa Mrija akadondoka kigodani, akaupiga mtungi teke, na nusu ya pombe ikaniishia kifuani.

"Petro!" nikapiga kelele. "Chumvi yangu unakula! Mwanangu Mwanaidi anambembeleza mtoto wako! Ndiyo malipo haya?"

Petro, jiwe lile, hakuweza hata kunitazama. "Bwana Masudi, si wewe. Wanaosema mengi ni wengi."

"Wengi akina nani?"

"Wengi tu."

"Mtaje hata mmoja!"

Mzee Bukuru ndiye aliyejibu, pole pole, mtoto bado mikononi na kikofia changu kichwani. "Ulitaka mjukuu wangu apate jina kwa ajili yako. Amelipata. Sasa umekasirikia nini?"

Niliondoka. Niliondoka kwa hasira na kwa haraka hivi kwamba kiatu kimoja kilibaki kule, na sikirudii! Wakitaka wakivae. Waloweke maharage ndani yake.

Nyumbani Zaituni alikuwa ameshasikia kicheko, akiwa amesimama mlangoni. "Vipi? Wamemwita Masudi?"

"Wamemwita Bavugamenshi."

"Maana yake nini?"

Jamaa zangu, fikirieni. Ilinibidi nilieleze jina lile mara ya pili! Mke wangu wa ndoa, mama wa watoto wangu, akashika mwimo wa mlango, akateremka nao taratibu mpaka chini, machozi yakimtoka. Alipopata pumzi akasema, "Nilikwambia ukae kimya." Nikamwambia yeye na Petro ni kitu kimoja. Akasema, "Lakini umepewa mtoto, Baba Mwanaidi. Kilima kizima kitajua ni kwa ajili yako." Halafu akaanza kucheka upya. Chakula chake cha mchana sikukigusa. (Nilikigusa kidogo.)

Alasiri nikafungua duka, kwa sababu mimi si mtu wa kujificha. Wakaja. Hawakuwa wakihitaji kitu. Mmoja alinunua kiberiti, akaulizia bei ya kaniki, akaulizia hali ya barabara ya Biharamulo, kisha macho yake yakaenda zake juu ya paa: "Bwana Masudi, eti mtoto wa Petro ameitwa nani?" Mwingine akaja na swali hilo hilo. Wa tatu hata kiberiti hakununua. Nikawafukuza wote, nikasema leo duka linauza chumvi tu, maana za majina zimekwisha ghalani!

Akabaki Mabula, yule Msukuma wa mvua, mtu mpole, akisubiri apimiwe chumvi yake. Nikaona huyu ana masikio. Nikaweka kibaba chini.

"Mabula, wewe niambie ukweli," nikaanza. "Mimi nasema mengi? Mimi? Ninachosema ni kile kinachohitajika, sizidishi. Mtu akiniuliza namjibu, asiponiuliza namweleza kwa kifupi. Babu yangu, huyo Masudi wa kwanza, yeye ndiye alikuwa msemaji, alikuwa akianza kisa cha safari yake baada ya alfajiri mpaka adhuhuri hajavuka mto wa kwanza. Mimi? Na hata kama nasema, nasema kwa faida ya nani? Sina mtoto wa kiume. Nilitaka jambo moja tu katika nchi hii, siku moja nipite njiani nisikie mama anaita jina langu, na mtoto mwanamume anaitika. Ni mengi hayo? Sasa sikiliza nikueleze tangu mwanzo, maana kulielewa jambo hili yafaa tuanzie kwa Musa..."

Ng'ambo ya ua mtoto akaanza kulia. Nikasikia nyayo za Anastazia, nikasikia akimpigapiga mgongoni. Halafu sauti yake ikaja wazi kabisa, imechoka, haina ubaya wowote, sauti ya mama tu:

"Bavugamenshi, hora! Hora!" Yaani, nyamaza. Nyamaza.

Mabula alitazama chumvi. Mimi nilikuwa nimeufungua mdomo, nikaufunga.

Msinicheke. Acheni walau mpaka lori lirudi. Mtoto yule hakunyamaza, analia mpaka sasa ninapoandika. Aliyenyamaza ni mimi.