Baiskeli Iliyovuliwa Jina

Wananchi wa Tabora, Nzega na njia nzima ya kale ya misafara, furahini! Baiskeli ya Mpagazi, ile nyeusi iliyobeba tumbaku, mkaa, wagonjwa na wake za watu tangu enzi za babu zetu, sasa ni bora kuliko ilivyopata kuwa. Imenunuliwa.

Natangaza haya kwa cheo changu. Mimi ndimi Fikiri Awadhi, Afisa Mwandamizi wa Heshima ya Chapa, Kanda ya Magharibi, mwenye meza, feni na mhuri. Mnunuzi ni Kampuni Mama ya jijini, inayotengeneza magodoro na juisi ya embe. Kampuni hiyo haijawahi kutengeneza baiskeli hata moja, na kwenye hafla hilo lilisomwa kama sifa: haina mazoea mabaya.

Mpagazi Mpya ikaingia madukani. Rangi inang'aa, kengele inaimba, na pale mbele nembo ya shaba ni ileile: mtu kajitwisha mzigo kichwani. Fremu ilipunguzwa unene kwa kumhurumia mteja, maana chuma ni kizito. Haukupita muda, maneno yakaanza vijiweni. Hapa Ipuli, Tabora mjini, nilimkuta muuza mkaa amekaa kando ya barabara, mkaa wake umetapakaa, Mpagazi Mpya imepiga magoti kama ngamia.

"Pole, ndugu. Kwani uliipakia?"

"Sasa afisa, baiskeli nisiipakie, niivae?"

Nikaandika: mteja hana elimu ya matumizi.

Tume ikakaa. Ikakaa kweli, kwa chai na sambusa, mpaka chanzo kikajulikana. Tatizo si mpya kuvunjika. Tatizo ni za zamani kutovunjika. Zinapita mbele za watu na magunia yake, nembo yetu kifuani, zinaleta ulinganisho. Na ulinganisho, jamani, ndio adui mkubwa wa heshima. Basi tukazindua Operesheni Vua Nembo: kila Mpagazi ya zamani ivuliwe nembo, kwa kuwa jina ni mali ya aliyelinunua. Watu wa Tabora ni wastaarabu. Walizileta wenyewe hadi ofisini. Baiskeli zilizobaki uchi wakazibatiza "vipara".

Ndipo siku moja akaingia kijana wa Lusu kule Nzega, Shilinde, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mmenivunjia ndoa, mzee."

Alikuwa anamuoa Adelina, binti wa mzee Samweli. Ng'ombe walishafika zizini kwa mkwe. Ilibaki baiskeli moja ya Mpagazi. Shilinde alikuwa nayo, ya babu yake, ila mbele sasa ina matundu mawili ya nembo tuliyoing'oa.

"Mkwe hataki kipara," akasema. "Anauliza, watu wakimuuliza binti kamwozea nini, ajibu kamwozea kipara? Anasema atarudisha ng'ombe. Na kuna mwenye duka mmoja wa Nzega ananusanusa pale nyumbani. Ana pikipiki, mzee."

Tatizo kama hilo ni fursa. Nikampigia Mkurugenzi wetu, Bwana Raymundi, naye akafurahi kupita kiasi: Kampuni Mama itampa kijana Mpagazi Mpya bure, ataikabidhi yeye mwenyewe, na wapiga picha wawepo.

Jambo moja tu halikuingia kwenye ratiba. Kwa ukoo wa mzee Samweli, baiskeli ya mahari haipokelewi kwa hotuba. Shangazi wa bibi harusi hupanda kwenye keria, amepakata debe la karanga, na bwana harusi humzungusha zizi. Karanga zikimwagika, ndoa hakuna.

Na shangazi Ng'washi ni shangazi hasa. Siku ya makabidhiano, nyumbani kwa mzee Samweli, alipotoka mlangoni, alitoka kwa awamu.

"Mwangaluka!" akamwamkia Mkurugenzi kwa lugha ya kwao.

"Asante sana," Mkurugenzi akajibu, akampa mkono na kalenda ya magodoro.

Shangazi akapanda. Shilinde akakanyaga pedali. Hata kona ya kwanza ya zizi hawakuifikia: fremu ikalia kriii, gurudumu la nyuma likajikunja kama chapati, shangazi akawa chini na kuku wakajaa kwenye karanga.

"Ni hitilafu ya uzito!" nikatangaza upesi, kulinda chapa.

"Uzito wa nani?" akauliza shangazi akiwa palepale chini. "Mimi Mpagazi imenibeba kwenda leba na kurudi na mapacha, leo hitilafu ni mimi? Haya, leteni nyingine. Apande huyu mwembamba wenu!"

Nyingine ilikuwapo, ya kupigia picha. Kamera zilishamwelekea Mkurugenzi; angekimbilia wapi? Akapanda. Ikavunjika kwa heshima zaidi, polepole, kama mtu anayesujudu.

Mzee Samweli akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kurudisha ng'ombe, na kila mtu uani alikielewa. Adelina akachungulia mlangoni, kanga mdomoni. Shilinde hakungoja kikohozi cha pili. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi anasukuma kipara cha babu yake alichokuja nacho.

"Shangazi, nakuomba. Panda hii."

Shangazi akayapapasa yale matundu mawili, akaguna, akapanda na debe jipya mapajani. Wakazunguka zizi. Wakapita shimoni, wakakanyaga jiwe, na waliporudi mara ya pili shangazi alikuwa anaimba. Vigelegele!

"Ni hii," mzee Samweli akasema.

"Baba, lakini haina jina," akasema Shilinde, mkweli kupita kiasi kwa siku kama ile.

"Jina wabaki nalo hawa. Mimi niachieni baiskeli."

Wingu lililokuwa likitutazama tangu asubuhi likamwaga. Udongo wa mbuga ukigeuka tope, unaujua: gari la Mkurugenzi liliserereka, likazama hadi milangoni. Na Nzega mjini waandishi wa habari walikuwa wanamsubiri atangaze mafanikio. Ikabidi aombe kipara.

"Nampa," mzee Samweli akasema, "kwa sababu ni mgeni."

"Lakini keria ile haipandwi bila debe," shangazi akakumbusha. "Akizimwaga, asirudi hapa."

Mheshimiwa akapakata debe. Shilinde akakanyaga. Mimi nikakimbia nyuma na mwavuli, kama cheo changu kinavyotaka, nikasikia mazungumzo yote.

"Kijana, hii ni imara sana," Mkurugenzi akasema, amelikumbatia debe kama mtoto. "Chapa gani hii? Kampuni Mama inaweza kuinunua."

"Haina chapa, mheshimiwa," Shilinde akajibu bila kugeuka. "Mlishaichukua."

Tukaingia Nzega siku ya mnada, mjini kumejaa, kamera zikiwa tayari, na kila mtu akamwona Mkurugenzi wa Mpagazi amebebwa na kipara. Tangu siku ile mteja wa Mpagazi Mpya akifika dukani huomba kwanza bisibisi, ang'oe nembo hapohapo, angalau majirani wadhani ni kipara.

Taarifa rasmi niliiandika mwenyewe na kuipiga mhuri. Inasema Mkurugenzi alikuwa katika majaribio ya ubora, yeye akiwa mzigo, na kwamba majaribio yamefaulu: karanga hazikumwagika.