Nilivyoulaza Ubongo wa Mashine ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza: Alhamisi wateja wanakuja kuona mashine za kujaza chupa. Fundi ambaye mashine yake itawapendeza zaidi ndiye mkuu wa karakana. Cheo changu hicho! Mpinzani nani? Shemeji. Mdogo wa mke wangu, niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe. Kweli shukrani ya punda mateke.

Jumanne, 5 Machi

Nimechungulia kazi yake. Kwangu kila kitu hupitia kwenye ubongo wa chipu, kile kidude cha umeme kinachoendesha mashine. Jicho la mashine likiona chupa linapiga hodi, ubongo unaamuru saa ianze na vali ya maji ifunguke. Muda ukiisha, saa nayo inapiga hodi, ubongo unafunga vali. Heshima! Kwake jicho linaishtua saa moja kwa moja, saa inafungua na kufunga vali. Ishara zinapitia pembeni humo humo ndani ya chipu, mkubwa haulizwi. Utovu wa adabu! Nikamwambia. Akacheka, akasema ubongo wangu ukipata shughuli nyingine nitamwaga maji.

Nyumbani mke wangu amesema mdogo wake ana kichwa. Nimesusa chakula. Baadaye nimekula, ila kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi

Wivu unanichoma, nakiri. Shemeji alipotoka kunywa chai, nimechomeka waya, nikapenyeza amri kwenye programu yake: chupa ya tatu ikipita, ubongo ulale fofofo. Tuone sasa! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi

Yangu imeanza. Safi kabisa, mpaka mteja mmoja akagusa skrini. Ubongo ukashughulika na skrini, ukasahau vali. Maji mpaka kwenye viatu vya bosi!

Zamu yake. Chupa ya tatu ikapita, taa ya ubongo ikazima. Nikakunja mikono. Chupa ya nne ikajaa. Ya tano pia! Jicho, saa na vali vinaelewana wenyewe. Bosi akauliza nani ameulaza ubongo. Shemeji akaitazama programu, akanitazama mimi. Akasema ni wazo la shemeji yake, ili wateja waone mashine isivyotetereka.

Makofi. Mimi nimepewa mkono, yeye cheo.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amesema nimshukuru mdogo wake kwa kunisitiri. Nimeshukuru, roho ikiniuma.

Ila kosa nimeligundua. Chupa tatu za mwanzo ubongo ulikuwa macho, ukapata nafasi ya kuwafundisha wenzake! Jumatatu wanakuja wateja wengine. Safari hii utalala tangu chupa ya kwanza.